Bibi Salama Anampa Mfalme Maji

Jumanne, 1 Julai
Tumerekodi kipindi cha tisa cha podikasti yetu. Chumbani kwa Juma kama kawaida, mtaa wa Sofu hapa Kibaha, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda. Juma anasimulia, mimi na Neema tunacheza wahusika, dadu inaamua nani kafaulu na nani kaumia. Neema ni askari. Mimi ni Bibi Salama, kuhani wa Kisima, dini tuliyoitunga wenyewe asije akakwazika mtu. Leo nimehubiri dakika sita mfululizo. Nilijiona nimeua.

Msikilizaji mmoja wa podikasti kaandika: "Huyo kuhani ni spika ya mnadani." Nimekasirika. Nimekula wali wote.

Ijumaa, 4 Julai
Habari zimefika nyumbani kijijini, Kibuta. Baba amefundisha madrasa miaka mingi, na watu humpelekea shida zao. Sasa mtu kamwambia bintiye wa Kibaha anarusha dadu na kuigiza watu wa dini. Kapiga simu. Hakufoka, na hilo ndilo baya. Kasema niende Jumapili, na huo mchezo niende nao.

Naogopa. Akisema niache, nitaacha, sijawahi kumpinga baba. Na sitaki kuacha. Wiki nzima natoa fotokopi za watu dukani. Jumanne ndiyo siku yangu.

Jumapili, 6 Julai
Nimetoka Kibuta. Baba alikaa mkekani, akafumba macho, akasikiliza kipindi kizima kwenye simu yangu. Akauliza kama kuna kuwekeana dau la pesa au chochote. Hakuna. Hata hivyo dadu hataki kuisikia. Sawa.

Kisha akasema: "Huyo bibi wako anajibu upesi mno. Mtu kakuletea jambo zito, hujamkalisha, hujampa maji, ushamhubiria."

Basi. Hakusema niache. Nilikuwa na utetezi wa kurasa mbili, nimerudi nao kwenye mkoba. Kaniumiza kuliko yule wa spika, kwa sababu ni kweli. Utotoni nilimwona: watu wanaingia na ugomvi wa mashamba, baba anawasogezea kata ya maji, ananyamaza. Nilidhani hana la kusema.

Jumanne, 8 Julai
Juma kanuna kuhusu dadu. Neema kacheka sana. Baba yake ni mwinjilisti huko Maneromango, na kwao nako dadu ilizua kesi. Kakata karatasi ishirini, sawa na pande za dadu yetu, kaziandika namba, kazitia kwenye kopo la kahawa. Kopo likitikiswa linasikika vizuri kuliko dadu. Juma kalisogeza karibu na maikrofoni.

Wiki ijayo kipindi cha mwisho. Mfalme anakuja kufukia Kisima chenyewe, kile kitakatifu. Bibi Salama akishindwa kumzuia, anakufa. Juma kaapa hatanionea huruma.

Alhamisi, 10 Julai
Nafanya mazoezi ya kunyamaza. Mteja kaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 15 Julai
NIMESHINDA!

Mfalme kaja na watu na majembe. Neema tayari na upanga. Mimi nikasema, "Karibu. Kaa. Maji haya." Nikanyamaza. Juma akasubiri hotuba. Sikumpa. Ulimi uliniwasha, nikaung'ata. Ukimya ukawa mrefu hadi tukasikia kuku wa jirani. Ndipo Juma, kwa sauti ya mfalme, akaanza kueleza jambo ambalo hakuwa ameliandika popote: mtoto wake alizama kisimani hapo. Nikamuuliza jina la mtoto. Hilo tu. Akalitaja, na wenye majembe akawaambia warudi nyumbani. Neema analia waziwazi, upanga kausahau.

Nilitakiwa nichote namba kumi na nane au zaidi. Nikanyoosha mkono, Juma akalisogeza kopo mbali. "Hapa hapana haja, dada."

Nimetembea hadi nyumbani naimba. Mama mwenye nyumba kadhani nimeposwa. Mimi ni kuhani mzuri kupita kiasi na leo nitaliandika bila aibu.

Jumapili, 20 Julai
Kipindi kimetoka juzi. Baba kapiga simu baada ya alasiri. Kaniambia habari za mihogo, za mbuzi, za kiuno chake. Sikumuuliza kama kasikiliza. Kisha yeye mwenyewe:

"Yule mfalme, yale maji aliyanywa?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikaufunga.

"Sijui, baba."

"Haya. Muulizeni."

Nimemwandikia Juma. Bado hajajibu. Nasubiri.