Kompyuta Niliyoichomoa Makoko

Makoko,
S.L.P. 417,
Musoma.
9 Machi 2004

Mpendwa binti yangu Ursula,

Nivumilie nianze na neno moja kabla ya salamu, maana nikitanguliza salamu nitachoka kabla sijalifikia. Ile kompyuta ya chama cha wavuvi iliyokuondoa Musoma, mimi ndiye niliyekuwa nikiiharibu. Nimekuficha hilo tangu ulipopanda basi.

Sasa nakusalimu. Hamjambo huko Sumbawanga? Mimi miguu imevimba, na pumzi hainifikishi mlangoni. Mama yako mdogo Pelagia ananigeuza kitandani. Daktari siku hizi haongei nami, anaongea naye. Nimeelewa.

Mvua zimeanza, na radi za ziwani unazijua. Nyumbani wingu likionekana tu, tunachomoa redio ukutani. Pale ofisini kwa chama, nilipokuwa katibu, nilifanya hivyohivyo na kompyuta, na baadaye nikawa naichomoa kila jioni, hata mbingu ikiwa nyeupe. Sikuizima kama ulivyonifundisha. Niliona kuisubiri ijifunge ni kuchelewa nyumbani.

Wewe uliyeajiriwa kuitunza ulikuwa umeiwekea mifumo miwili ya kuiendesha: Windows kwa barua zangu, na Linux kwa majina ya wanachama na hisa zao. Ukiiwasha, inakuuliza unataka kuingia wapi. Kisha Windows ikaanza kukwama kwenye kioo cha buluu, na Linux ikabaki kwenye kioo cheusi ikisema mafaili yana makosa. Unarekebisha leo, kesho yamerudi.

Ndipo uliponiuliza mbele ya wavuvi, "Baba mdogo, jioni unaichomoaga hivihivi?" Ngolo, mmoja wao, akadakia, "Mwalimu haizimi hiyo, anaichinja!" Wakacheka mpaka walioketi nje. Wengi wao niliwafundisha kusoma mimi. Nikajibu kwamba naizima vizuri, na kwamba mifumo yako miwili ndiyo inayogombana humo ndani.

Ukaniamini. Hilo linanichosha kuliko ugonjwa. Kwa kuniamini ukatafuta kosa mahali lisipokuwa. Ukabadilisha waya, ukaenda Bunda kuazima diski, ukaifuta Windows na kuiweka upya. Ilipoingia ikaufuta ule ukurasa wa kuchagua, ukahangaika tena kuitafuta Linux. Mimi nilikuwa mezani pangu, nakunywa chai, nakutazama.

Watu wakaanza kusema unaiharibu makusudi ili hisa zao zisionekane. Kamati ikaitwa, ukafukuzwa. Mama yako Jenoveva mpaka leo kwenye sala za jumuiya anakaa nyuma kabisa, na hakuna anayemwomba asome somo. Hajawahi kuniuliza kitu. Ananiletea uji.

Nimemwomba Pastory, mwenyekiti wetu wa chama, aje Jumapili na wanakamati wake, na mama yako awepo. Nitawaambia kwa mdomo wangu, pumzi ikinitosha. Nilitaka uyapate wewe kwanza kwa maandishi, kwani huenda isinitoshe. Ikiwa hivyo, njoo uisome barua hii kwa sauti mbele yao. Wala usiharakishe kunisamehe kwa sababu tu ninakufa.

Msalimie mumeo Apolinary, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Wadogo zako Tereza na Mwikwabe wanakusalimu sana. Mungu akuzidishie kazi ya mikono yako, na akurudishie heshima niliyokunyima.

Limebaki moja, nalo nimelizunguka barua nzima. Asubuhi ya kile kikao cha kamati niliwahi ofisini nikaiwasha. Ilijikagua kwa muda mrefu, halafu Linux ikafunguka vizuri kabisa, majina yote yamo na hisa zote zimo. Ulikuwa umeshaitengeneza. Nikachomoa waya ikiwa inafanya kazi, nikijua ikiwashwa tena itagoma, nikaingia kikaoni kuwaambia kwamba umeshindwa.

Ni mimi baba yako mdogo, ninayekupenda,
Alfonsi Makongoro