Nilifuta Nyimbo za Binti Yangu Nikamjazia Kantri

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla mambo hayajaniharibikia zaidi. Mimi ni fundi wa makochi, nina mke na binti wa miaka kumi na sita, na tangu nikiwa na umri kama wake napenda muziki wa kantri, zile nyimbo za mwanamume aliyeachwa na mkewe anaendesha lori huku gitaa linalia, tulikuwa tukizipata redioni kila Jumapili, mimi na wenzangu tumebanana chumba kimoja, maneno hatuyaelewi vizuri lakini machozi yanatutoka kana kwamba tulioachwa ni sisi, na mpaka leo nikizisikia najiona kijana tena. Sasa binti yangu anasikiliza vitu ambavyo kwangu ni makelele matupu, nikaona ujana wake unapotea bure, basi nikachukua flashi yake kimyakimya, nikafuta kila kitu, nikamjazia nyimbo zangu bora na kumfungia kama zawadi. Alipoichomeka kwenye spika akauliza, “Baba, zangu ziko wapi?” Nikacheka, nikasema, “Takataka zile? Utanishukuru.” Kumbe humo mlikuwa na nyimbo alizotunga na kuziimba mwenyewe na rafiki zake, na nakala nyingine hana. Alifungasha nguo akahamia kwa dada yangu, simu zangu hapokei. Mke wangu anasema, “Baba nanihii, nenda kamwombe mtoto radhi.” Mshauri, mzazi aombe radhi kwa kutoa zawadi?

Fundi wa makochi

Fundi, zawadi gani inayoanza kwa kumnyang'anya anayepewa?

Kantri yako sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu wa rika letu wanaotangaza kwamba muziki uliisha siku walipoota ndevu. Nimesoma magazeti ya enzi za babu zetu, na humo wazee wanalalamika vilevile, kwa hasira zilezile, kuhusu nyimbo tunazoziita leo za dhahabu. Baba yako alisemaje kuhusu malori yenu? Jumapili zile zilikuwa tamu kwa sababu hakuna mzazi aliyewachagulia cha kusikiliza. Na ninyi mlikuwa mkisikiliza tu, mwenzenu anatunga! Una mtunzi nyumbani, unaziita nyimbo zake takataka.

Acha kujitetea kwa nia njema. Flashi hiyo isiguswe tena. Ipeleke kwa fundi wa kompyuta ajaribu kuokoa kilichofutwa, ingawa kantri yako huenda imeshakalia sehemu kubwa. Leo ukifunga karakana, nenda kwa dada yako. Mwambie binti, “Nimeharibu kazi yako na nikaitukana. Nisamehe.” Ukiongeza “lakini”, rudi nyumbani, maana umeharibu tena.

Kama nyimbo haziokoki, mwambie ukweli, kisha mpe ufunguo wa karakana siku usiyofanya kazi. Masponji yale ya makochi yanameza mwangwi vizuri, atarekodi upya na wenzake. Wewe kaa nje. Wakikuita, ingia. Wasipokuita, endelea kukaa nje.