Kiwanda Kimebaki Nasi, Tonton Amisi

Tonton Amisi, mjomba wetu,

Jana tulicheza tena mchezo wako wa mfalme asiyesikia. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Ndiyo, Tonton, kundi letu la maigizo lina ukumbi. Ungekuwa hapa ungenikatiza kwa maswali, basi acha nianze mwanzo.

Unakumbuka wale wa kiwanda cha bia? Walitupa fulana zenye nembo yao na kreti za bia, tukacheza juani kwenye sikukuu ya chama, na kesho yake hakuna aliyetujua. Jioni ile, tukila pondu, majani yako ya muhogo, kwako mtaani Mangobo, ulituambia: "Zawadi iko kitu ya siku moja. Mutafute mutu atatembea na sisi."

Halafu ukaondoka. Homa ile, upesi vile...

Kundi lilivunjika. Wengine waliingia kwenye ngoma za kumsifu Mkubwa wa nchi, maana kule walikula kila siku. Siwalaumu. Bolamba, mpiga ngoma wetu, alikwenda kuuza samaki Basoko. Mimi nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda kiwanda cha nguo.

Mkurugenzi alinipokea vizuri. Alitaka tucheze mara moja, siku wageni wake watakapofika kutoka Kinshasa, naye atatupa vitambaa. Nilikataa, Tonton. Nilimwomba lile hanga, banda kubwa tupu nyuma ya bohari, umeme, na vitambaa vya mavazi kila mwaka. Sisi tutawachezea wafanyakazi na familia zao kila mwisho wa mwezi, tutawafundisha watoto wao, na jina la kiwanda litaandikwa kwenye pazia. Akauliza nani atachagua michezo.

"Michezo iko yetu, citoyen mkurugenzi," nilimjibu, nikimwita raia kama ilivyoamriwa.

Alisema atafikiri. Alifikiri msimu mzima wa mvua, kisha akanitumia ufunguo wa hanga.

Nikawakusanya waliobaki, tukafungua na mchezo wa mfalme wako. Kabla ya siku yenyewe, mtu alimnong'oneza mkurugenzi kwamba mfalme ni yeye, au mtu mkubwa kuliko yeye. Unajua maneno kama hayo yanaweza kumfikisha mtu wapi. Aliniita, akataka mfalme aondolewe. Nilimsihi aje kwanza kututazama tukifanya mazoezi, yeye na mke wake. Walikuja. Mfalme alipoziba masikio, akauliza kwa nini watu wake wamenyamaza, mke ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akafuta machozi. Mume hakucheka. Lakini asubuhi alimtuma fundi wa umeme kutuongezea taa, na mfalme akabaki mzima.

Habari zikamfikia Bolamba. Akarudi kwa boti, ngoma mgongoni.

Kisha mkurugenzi akahamishwa Kinshasa. Hapo, Tonton, niliogopa kuliko siku zote. Nikasema moyoni, yale ya bia yamerudi. Nilijiandaa kwenda kumlilia mkurugenzi mpya, lakini kufika ofisini kwake nikakuta akina mama wa idara ya nyuzi wamenitangulia. Walikuwa wamemweleza kwamba michezo ni sehemu ya maisha yao pale, kama kazi yenyewe, na kwamba watoto wao wamejifunza kusimama mbele ya watu bila kuinamisha kichwa. Yule bwana aliniuliza jambo moja tu: mchezo unaofuata ni upi?

Nilitoka nje, nikasimama kando ya ukuta, nikalia kwa furaha. Nilitamani ungewaona akina mama wale. Hatukuwatuma.

Sasa tunajiandaa kwenda kucheza Bengamisa. Lori la kiwanda litatupeleka. Malkia katika mchezo ni binti wa Bolamba, na sauti yake inafika mpaka barabarani.

Pumzika, Tonton yangu. Ulipoondoka nusura tuanguke wote, kwa sababu tulikuegemea wewe peke yako. Nimeanza kumfundisha binti huyo kuongoza kundi, naye tayari ananibishia. Nakuahidi: siku nitakayokufuata, watanililia vizuri, halafu watafungua pazia.

Mutoto wako,
Sifa