Gari Jeupe Lenye Damu ya Mbuzi

Busia, upande wa Uganda
Jumapili

Dada Zuhura,

Shikamoo. Natumaini presha ya Mama imeshuka na mgongo wako umekuachia. Mimi mzima, ukiacha jicho la kushoto lililofumba na vidole viwili vilivyovunjika. Nakuandikia kabla madereva wa malori hawajafika huko Mombasa na habari kwamba nimempiga tajiri wangu. Ni kweli nimempiga. Uamue mwenyewe kama Mama aambiwe.

Tajiri alinunua gari la mbio, jipya, jeupe. Injini mpya ya namna ile haikamuliwi siku za mwanzo. Vyuma lazima vizoeane: unaongeza mwendo, unapunguza, zaidi ya kilomita elfu moja, na mshale wa mizunguko hauvuki elfu nne. Yeye hana subira hiyo, akanikabidhi mimi, niende Tororo na kurudi kutwa nzima.

"Ukivusha elfu nne nitaona kwenye kompyuta ya gari, Athumani. Ukivusha, usirudi."

Alhamisi asubuhi wakalichinjia gari mbuzi mbele ya geti, kama wafanyavyo wenye magari hapa, nikapita juu ya damu. Ikaruka mpaka kwenye bampa. Nikataka kuosha, mkewe akakataa: "Ikauke yenyewe. Baraka unaipigaje maji?" Nikabishana, unanijua. Nikashindwa.

Karibu na kijiji cha Dabani nikapunguza mwendo, kama kazi inavyotaka. Mwendesha bodaboda mmoja akaiona damu, akapiga kelele kwa Kiswahili cha huku, ambacho "na" ndiyo "ana":

"Huyu nagonga mtu! Nakimbia!"

Nikaongeza kidogo. Nyuma yangu pikipiki tano, sita. Dada, nilikalia injini ambayo ingewaacha kabla hawajamaliza kupiga kelele, na mguu wangu ukakataa kukanyaga. Mshale uliishia elfu tatu na mia tisa. Nilikamatwa na pikipiki za kubebea ndizi kwa sababu ya utii! Hilo linaniuma kuliko vidole.

Wakanizuia mbele, wakavunja kioo, wakanitoa kwa kola. Mimi na vitabu vyangu nikaanza kuwahutubia: ushahidi uko wapi, mahakama iko wapi, maiti iko wapi?

"Maiti umeacha wapi, wewe? Sema!"

Nondo ikatua mkononi, jiwe jichoni. Mmoja akachomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki yake, akanimwagia, nikahisi ubaridi kifuani. Hotuba ikaishia hapo. Wanaoandika magazetini kwamba umati una haki ya kukasirika waje kwanza walale chini ya miguu yake.

Mama mmoja aliyetoka shambani akainama kwenye bampa, akabandua kitu.

"Nyinyi wajinga! Mtu gani nakuwa na manyoya kama hii? Hii mbuzi!"

Wakatupa mawe chini. Mmoja akacheka. "Pole, mzee. Lakini wewe pia, naendesha kama mwizi."

Tajiri akapigiwa simu, akafika. Mimi niko kwenye nyasi, nanuka petroli. Akapapasa kioo kilichovunjika, akaingia ndani, akasoma kompyuta, akatoka akitabasamu.

"Elfu tatu na mia tisa! Safi sana. Kijana mwaminifu. Kioo kikibadilishwa, Jumatatu unaendelea."

Kijana! Mimi wa miaka arobaini na saba. Nikampiga mdomoni kwa mkono uliobaki mzima, akaenda chini, nikampiga tena. Najua utaniambia nikaombe radhi, kwamba kazi hazipatikani. Usiandike hilo. Wale walinipiga wakidhani nimeua mtu. Yeye alinisifu kwa kukubali kufa kwa ajili ya injini.

Jana nilikwenda Dabani kumshukuru yule mama. Akanipa muhogo, akanitazama jicho.

"Gari nguvu hivyo. Kwa nini wewe hukukimbia?"

Nimebishana na mashehe, mapadri na wabunge, Dada. Nilitafuna muhogo wake mpaka ukaisha.

Mwamkie Mama, msalimie shemeji na cherehani yake, na yule jirani anayemletea Mama uji; nikisahau kumtaja, atanuna.

Ni mimi mdogo wako, asiye na kazi,
Athumani