Tarehe Niliyoifuta Kwenye Kopo

Nyumbani, nyuma ya soko
Jumanne, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo ndugu yangu? Shemeji hajambo, na mgongo wake je? Mwambie aache kubeba mizigo, hakuna anayemwekea medali. Huku tu wazima, ila magoti yangu yananinunia kila nikiona ngazi.

Muuza nyama ameoa tena. Bibi harusi mrefu, bwana akitaka kumnong'oneza inabidi apande kiti.

Uliniuliza mbona siku hizi nikikupigia naishia kwenye salamu. Kaa chini nikwambie.

Sheria ya kulinda wanunuzi wanataka kuibadilisha. Ilivyo sasa, kitu kibovu kikidhuru mtu anabanwa aliyekitengeneza. Wanataka na muuzaji abanwe, hasa akichezea tarehe ya mwisho wa matumizi. Wakaja ukumbini kuchukua maoni, na wenzangu wa maduka wakanituma mimi nikapinge. Si unajua mdomo wangu hauna likizo.

Nikasimama. Mstari wa mbele kakaa jirani yangu fundi cherehani, kapakata kopo tupu la maziwa ya unga. Ni yule aliyefiwa na kichanga chake mwaka juzi. Akanitabasamia, akidhani nimekuja kuwasemea wanunuzi.

"Sema, shoga. Tusemee."

Lile kopo nilimuuzia mimi, mdogo wangu. Tarehe yake ilikuwa imepita miezi minne. Nikaifuta kwa pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikagonga muhuri mpya. Maduka yote tulikuwa tunafanya hivyo. Daktari hakusema ni maziwa, wala hakusema si maziwa. Na msibani mimi ndiye niliyekuwa jikoni, nachekesha watu.

Nikarudi kukaa kitini. Wakadhani naumwa.

Tangu siku ile nyumba yangu inanuka ile dawa. Chupa nilishatupa zamani. Nimefua mapazia, nimepiga deki, binti yangu ananusa hasikii kitu. Nikichota unga nasikia pamba inasugua bati, na ni mchana kweupe.

Maoni ya kuandika wanapokea ofisini kwao mpaka Ijumaa. Nimeandika ukurasa mmoja, na mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita. Nimesema nilichofanya, na kwamba sheria waipitishe. Duka huenda likafungwa, na wenzangu hawatanisalimia. Lakini nikaona asome yule jirani kwanza.

Jana akasoma, kakaa hapo kwenye cherehani yake. Akarudia tena. Akaikunja karatasi, akavaa viatu.

Nikamwambia, "Twende wote."

"Naipeleka mwenyewe," akasema. "Wewe nifuate kwa nyuma. Na usinisemeshe."

Nikamfuata mpaka mlango wa ofisi. Njia nzima nilipishana na watu ninaowajua, sikufungua mdomo.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na mama mkwe wako hata kama hanipendi. Mungu awape afya na usingizi wa kutosha.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,
yule mnayemwita Redio