Nilimwambia Daktari ni Paja

Mayu, mama yangu, shikamoo.

Nakuandikia kwa Kiswahili, najua utanicheka. Pamba ya Magu siku hizi inanunuliwa na watu binafsi, wanakuja na magari yao na mizani yao, na baba anagombana nao wote. Hapa kwangu Igogo kigoda chako bado kiko jikoni. Sijamkataza mtu, lakini hakuna anayekikalia. Nimekukumbuka, Mayu, we acha tu.

Kuna jambo sijakuomba radhi. Siku ile zahanati daktari alikuwa mwanamume, tena rika langu. Ulimweleza kwa Kisukuma bila kuficha: uvimbe mgumu, hauumi, uko kwenye shavu la uke. Akanigeukia nimtafsirie. Jamani! Nitaje uke wa mama yangu mzazi mbele ya mwanamume? Nikasema ni jipu, hapa juu ya paja. Akakubonyeza juu ya kitenge, akaandika vidonge, tukaondoka.

Na Kiswahili ulikuwa unakisikia vizuri, kukisema tu ndiyo ulikuwa mvivu. Njiani ukanishika mkono: "Umenisitiri, mwanangu." Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Ulimeza vidonge miezi mingapi? Uvimbe ulipofika ukubwa wa limau ndipo yule mama daktari wa hospitali kubwa alipokukagua vizuri, akakata kipande kikapelekwa kupimwa. Saratani ya nyama laini, akasema. Ni nadra mno kutokea mahali pale, hata yeye alikuwa ameisoma vitabuni tu, na wengi hudhani ni jipu. Wakakufanyia upasuaji, wakarudia tena, kumbe imeshapanda mapafuni. Nilimuuliza kama ungepona endapo ningesema kweli tangu mwanzo. "Tungeanza mapema," akasema. Kisha akalifunga faili lako.

Sasa sikia. Wiki iliyopita mama mkwe wangu amekuja kutoka Kisesa na uvimbe, mahali palepale. Nimempeleka hospitali, na daktari ni mwanamume tena. Mama mkwe akaninong'oneza kwa Kisukuma nimwambie ni tumbo. Mayu, nikamgeukia daktari. Nikasema, "Uko kwenye uke, shavu la kushoto, na naomba usiuite jipu kabla hujaupima." Wamechukua kipande, majibu bado. Tangu siku hiyo haniongeleshi. Amewaambia majirani sina adabu, na uji wangu anaunywa akiwa amenipa mgongo.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi, yeyote nitakayemtafsiria, nitapataja mahali panapouma kwa jina lake. Huyu mkweo acha anune anavyotaka, mradi anune akiwa hai. Wewe ulinishukuru. Laiti ungeninunia.

Mwanao, wa Igogo.