Mhandisi Aliyebebwa na Mtaro

Dada Wawira,

Nakusalimu kutoka Meru, ambako hata soksi hazikauki. Nimekuja na mhandisi wetu kukagua vijito vinavyoweza kufurika na kubomoa nyumba. Jana, chini ya mtaa wa Makutano, muuza chai aitwaye Mama Kinya alituonyesha alama ya matope ukutani mwake, juu ya dirisha.

"Maji yalifika hapa. Mkiandika ni salama, hakuna atakayetujengea ukuta."

Mhandisi akafungua ramani. "Mama, kwenye ramani huu ni mtaro tu."

"Basi uambie huo mtaro."

Mhandisi akashuka kuupima. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha mlimani! Maji yakaja yakinguruma, yakambeba na ramani yake, mpaka Mama Kinya akamdaka kola. Akakalishwa jikoni akitetemeka ndani ya sweta ya mama huyo, akinywa uji wake.

Leo bwana mkubwa huyo huyo, mhandisi wetu, ameandika: "Hatari ndogo. Maji hayakuzidi kifua." Nimekataa kutia sahihi. Nimeandika ripoti yangu na kuipeleka mwenyewe kwa mkuu wa wilaya.

Huenda nikarudi Embu bila kazi. Nipikie githeri, uwabusu watoto, na mama usimwambie kwanza.

Kaka yako,
Njeru